Uchaguzi unafanyika karibu kila nchi. Mbona ripoti zinasema uhuru unapungua?

Mdadisi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naleta jambo lililonitatiza kwa muda, nikitumaini kwamba waliobobea katika sheria na sayansi ya siasa watanifumbua macho.

Kila mwaka hutolewa ripoti zinazopima hali ya demokrasia duniani, na kwa muda mrefu sasa habari zake ni zilezile. Ripoti ya shirika la Freedom House iliyotoka mwaka 2025 ilieleza kwamba haki za kisiasa na uhuru wa kiraia vilikuwa vimeshuka kwa mwaka wa 19 mfululizo, kwani nchi 60 zilipungukiwa alama huku 34 zikipanda. Taasisi ya V-Dem, yenye makao katika Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, ilihesabu kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2024 tawala za kiimla zilikuwa 91 na za kidemokrasia 88, hali ambayo haikuwa imeonekana kwa takriban miaka 20.

Lakini nikiutazama mwaka huohuo wa 2024 naona sura nyingine kabisa. Wapiga kura wa India walikipunguza chama tawala hadi viti 240, kikalazimika kutegemea washirika ili kuunda serikali. Nchini Afrika Kusini, ANC ilikosa wingi wa kura kwa mara ya kwanza tangu 1994. Botswana ilikiondoa chama kilichokuwa madarakani tangu uhuru wa mwaka 1966. Ghana, Uingereza na Senegal nazo zilibadilisha watawala kwa karatasi ya kura. Ikiwa wananchi wanapiga kura na wanaweza kuwaondoa wakubwa, ni kitu gani hasa kinachoshuka? Naomba pia nielezwe tofauti kati ya haki za kisiasa na uhuru wa kiraia, maana ripoti hizi huvitaja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Mzani

Ndugu Mdadisi, sehemu ya jibu lako imo katika namna vipimo hivi vinavyotengenezwa, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo ingawa ni habari kavu kidogo.

Freedom House hutumia maswali 25. Kumi yanahusu haki za kisiasa: kama mkuu wa serikali na wabunge wamepatikana kwa uchaguzi huru na wa haki, kama upinzani una nafasi halisi ya kuingia madarakani, kama waliochaguliwa ndio wanaoamua sera au kuna mkono wa jeshi nyuma ya pazia, kama kuna kinga dhidi ya rushwa. Yaliyobaki kumi na tano yanahusu uhuru wa kiraia: vyombo vya habari, ibada, ufundishaji vyuoni, mikutano na maandamano, asasi za kiraia na vyama vya wafanyakazi, mahakama, ulinzi dhidi ya mateso, haki ya kumiliki mali na ya kwenda mtu atakako. Kila swali hupewa alama 0 hadi 4, hivyo haki za kisiasa hubeba alama 40 na uhuru wa kiraia 60. Haki za kisiasa zinamhusu mwananchi kama mshiriki katika kuamua nani atawale. Uhuru wa kiraia unamhusu hata katika siku ambazo hakuna uchaguzi wowote, anapoandika, anapokutana na wenzake, anapokamatwa na polisi, anapofikishwa mbele ya hakimu.

Sasa tazama jambo hili: kati ya maswali hayo 25, yanayohusu mchakato wa uchaguzi wenyewe ni matatu tu, yaani alama 12 kati ya 100. Serikali inaweza kuitisha uchaguzi kwa tarehe iliyopangwa, ikahesabu kura bila kuiba hata moja, na bado nchi ikashuka kwa sababu gazeti limefungwa, kiongozi wa asasi ameshtakiwa kwa uhaini, au jaji aliyetoa hukumu isiyopendeza amehamishwa. V-Dem wana njia tofauti lakini wanafika palepale. Wanazigawa tawala katika makundi manne, kuanzia uimla usio na uchaguzi wa maana hadi demokrasia huria, na katika hesabu yao ya tawala 91 za kiimla, nyingi zina uchaguzi wa vyama vingi. Kura ipo, kinachokosekana ni mazingira yanayoipa kura uzito.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulipita haraka. Wastani wa nchi si sawa na wastani wa watu. Katika ripoti ya mwaka 2025 V-Dem walisema asilimia 72 ya watu duniani walikuwa wakiishi chini ya tawala za kiimla, lakini humo walikuwamo watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne wa India, nchi ambayo V-Dem waliishusha hadi kundi la tawala za kiimla katika ripoti ya mwaka 2021. Ukiiweka India upande wa pili wa mstari, asilimia hiyo inaporomoka. Ndiyo maana taasisi hiyohiyo inaweza kusema kwamba raia wa kawaida wa dunia amerudishwa kwenye kiwango cha mwaka 1985, na papo hapo ikasema kwamba kwa hesabu ya nchi tumerudi mwaka 1996. Kauli zote mbili zinatokana na takwimu zilezile. Magazeti huchagua ile inayotisha zaidi.

Jicho la Pembeni

Nimemsoma Mzani kwa makini na namshukuru, lakini naona amekuwa mpole kwa wapimaji. Alama hizi hazipatikani kwa mizani wala kwa rula. Ni maoni ya wataalamu. V-Dem wana maelfu ya wataalamu wanaojaza madodoso. Freedom House wana wachambuzi na washauri wanaojadiliana hadi wakubaliane. Tusisahau pia kwamba Freedom House iliundwa Marekani mwaka 1941 na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha zake imetoka serikali ya nchi hiyo. Sisemi wanapokea maagizo, kwa sababu wao wenyewe waliishusha Marekani kutoka alama 94 hadi 83 katika kipindi cha miaka kumi kilichoishia 2020. Nasema mtaalamu ni binadamu, na binadamu anayesoma kila siku habari za kifo cha demokrasia anaweza kuanza kukiona kila mahali.

Hoja hii si yangu peke yangu. Wanazuoni wawili wa Marekani, Andrew Little na Anne Meng, waliandika makala iliyozua mjadala mkali kwa sababu waliuliza swali kama la ndugu mleta mada. Waliyaweka kando maoni ya wataalamu, wakaangalia mambo yanayohesabika: ni mara ngapi chama tawala kinashindwa uchaguzi, kinashindwa kwa tofauti gani, ni viongozi wangapi wanakiuka ukomo wa mihula. Kwa vigezo hivyo hawakuona mteremko mkubwa wa dunia nzima katika muongo uliotangulia. Walikiri kwamba ziko nchi zilizoharibika, lakini picha ya dunia yote kuporomoka hawakuipata. Kwa hiyo, Ndugu Mdadisi, usijione mjinga kwa kuona ulichokiona.

Mzani

Ndugu Jicho la Pembeni, makala hiyo ni nzito na nakubali kwamba imewalazimisha wapimaji kujieleza vizuri zaidi. Hata hivyo, vitu vinavyohesabika navyo vina hila zake. Chukua idadi ya waandishi wa habari walio gerezani. Mahali ambapo magazeti huru yote yamekwisha kununuliwa au kufungwa, hakuna mwandishi wa kufungwa, na hesabu inasoma sifuri. Kadhalika ukomo wa mihula: kiongozi aliyebadili katiba kwa kura ya maoni ili agombee tena hajakiuka kifungu chochote, kwa sababu kifungu chenyewe amekifuta. Ukihesabu matukio bila kuuliza yametokeaje, utampa alama nzuri yule aliyefanya kazi yake kwa ustadi zaidi.

Mimi husoma takwimu hizi kwa kuangalia ni alama ipi iliyoshuka, si jumla. Katika ripoti ya V-Dem ya 2025, kipengele kilichoongoza kwa kuharibika kilikuwa uhuru wa kujieleza, kikishuka katika nchi 44. Taarifa hiyo ina manufaa kuliko kujua kwamba nchi fulani imetoka nafasi ya 60 hadi ya 67.

Wakili Mstaafu

Vijana wangu, nimefuatilia uzi huu kwa furaha, kwa kuwa si kila siku watu hujadiliana bila kutukanana. Niongeze upande wa sheria, kwa maana naona mnazungumzia vipimo zaidi kuliko kinachopimwa.

Zamani demokrasia ilikufa kwa kelele. Vifaru vilizunguka kituo cha redio, afisa akasoma tangazo, katiba ikasimamishwa. Mwaka 2016 mwanazuoni Nancy Bermeo alieleza kwamba tangu kumalizika kwa Vita Baridi mapinduzi ya namna hiyo yalikuwa yamepungua, sawa na wizi wa wazi wa siku ya kupiga kura, na kwamba nafasi yake ilichukuliwa na viongozi waliochaguliwa kihalali ambao hujilimbikizia madaraka hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sheria yake, namba yake na tarehe yake katika gazeti la serikali. Ni kweli kwamba baadaye vifaru vilirudi: Mali mwaka 2020 na tena 2021, Myanmar, Guinea na Sudan mwaka 2021, Burkina Faso mara mbili katika mwaka 2022, Niger na Gabon mwaka 2023. Lakini hata hapo tazameni Guinea. Kabla wanajeshi hawajamwondoa Rais Alpha Condé mwezi Septemba 2021, yeye alikuwa amekwisha kubadili katiba kwa kura ya maoni ya mwaka 2020 ili apate muhula wa tatu. Njia ya kimyakimya ilitangulia, ya kelele ikafuata.

Mfano ambao kila mwanasheria angepaswa kuusoma ni Hungary. Chama cha Fidesz kilishinda uchaguzi wa mwaka 2010 bila wizi wowote, kikapata theluthi mbili ya bunge, kiwango kinachotosha kuandika katiba upya. Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ukashushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62, na majaji wengi waandamizi wakaondoka kwa mkupuo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka mwaka huohuo kwamba hatua hiyo ilikuwa ubaguzi wa umri, lakini kufikia wakati huo viti vingi vilikuwa vimekwisha kukaliwa na wengine. Majimbo ya uchaguzi yakachorwa upya, na mwaka 2014 chama hicho kilipata asilimia 45 ya kura kikabaki na viti 133 kati ya 199. Mwaka 2018 wamiliki walio karibu na serikali walikabidhi vyombo vya habari zaidi ya 400 kwa wakfu mmoja. Nionyesheni katika mlolongo huo siku ambayo demokrasia ilipinduliwa. Haipo. Kila kipande, ukikitazama peke yake, kina mfano wake katika nchi yenye heshima: ziko nchi zenye umri wa kustaafu wa miaka 62, ziko nchi ambako mshindi hupata viti vingi kuliko kura zake, ziko nchi zenye katiba changa. Ubaya upo katika jinsi vipande vilivyounganishwa, na mahakama, kwa desturi yake, husikiliza kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba kinachoshuka kwanza si uchaguzi. Mtawala wa aina hii anauhitaji uchaguzi kwa sababu unampa uhalali mbele ya watu wake na mbele ya wafadhili. Anachopunguza ni uwezo wa wengine kujiandaa kwa uchaguzi huo: nani atasikika redioni, asasi ipi itaruhusiwa kupokea fedha na kuangalia uandikishaji, mgombea yupi ataenguliwa kwa dosari ya fomu, jaji yupi atasikiliza pingamizi. Hayo mengi yamo katika zile alama 60 alizozitaja Mzani, na ndiyo maana zinaweza kushuka kabla ya zile 40.

Mdadisi

Mzee Wakili, shikamoo, na asante sana kwa ufafanuzi huo. Naomba niulize zaidi, nikisema wazi kwamba sibishi. Vipi pale ambapo wananchi wenyewe wanapenda? Rais Nayib Bukele wa El Salvador alirudishwa madarakani mwezi Februari 2024 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na hata wapinzani wake hawasemi kwamba watu hawakumpigia. Magenge yaliyowatesa wananchi kwa miongo kadhaa yamevunjwa. Mtu aliyekuwa akilipa ushuru wa damu kwa genge kila wiki akiambiwa kwamba uhuru wake umepungua, si atacheka?

Wakili Mstaafu

Marahaba. Huyo mtu hapaswi kudharauliwa, na watetezi wa haki za binadamu wanaomhubiria bila kulitaja genge wanakosea. Usalama wa mwili ni haki. Mauaji nchini El Salvador yamepungua sana, na hilo ni jambo la kweli.

Lakini fuatilia hatua zilivyopangwa. Tarehe 1 Mei 2021, siku ya kwanza ya bunge jipya, wabunge waliwaondoa majaji watano wa chumba cha katiba cha Mahakama ya Juu pamoja na mwanasheria mkuu. Mwezi Septemba, majaji walioteuliwa badala yao wakaamua kwamba rais anaweza kugombea mara mbili mfululizo, ingawa katiba ilikuwa imesomwa kinyume chake miaka yote. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Machi 2022 kwa siku 30, na tangu hapo ikawa inaongezwa mwezi hadi mwezi. Waliokamatwa wamezidi 80,000. Mwezi Julai 2025 bunge likafuta ukomo wa mihula na kurefusha muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi sita. Angalia kwamba majaji waliondolewa karibu mwaka mzima kabla ya hali ya hatari. Vita dhidi ya magenge haiwezi kuwa ndiyo sababu ya jambo lililoitangulia.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 4, unaruhusu serikali kusitisha baadhi ya haki pale uhai wa taifa unapotishiwa, lakini kwa kiwango ambacho dharura yenyewe inakilazimisha tu, na zipo haki ambazo hazisitishwi kamwe, ikiwamo ya kutoteswa. Waandishi wa mkataba ule hawakuwa watoto. Walijua kwamba kuna siku serikali italazimika kukaza mkono. Walichokataa ni dharura isiyo na mwisho wala jaji wa kuikagua. Na asilimia 80 ya kura haimsaidii kijana aliyekamatwa kimakosa, kwa kuwa yeye na mama yake wamo katika ile asilimia nyingine, au pengine walikuwa katika hiyo 80 hadi siku polisi walipobisha hodi.

Kurunzi

Naomba nitie neno kuhusu upande uliosahaulika, yaani nchi zilizogeuka njiani, maana uzi unaelekea kutukatisha tamaa.

Malawi, mwezi Februari 2020, majaji watano walibatilisha uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia, baada ya fomu za matokeo kuonekana zimefutwafutwa kwa wino mweupe. Wananchi walikuwa wameandamana kwa miezi, na jeshi likawalinda waandamanaji badala ya kuwapiga. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni na mpinzani akashinda. Nchini Senegal, Rais Macky Sall alipojaribu kuahirisha uchaguzi wa Februari 2024, Baraza la Katiba lilifuta uamuzi huo. Kura zilipigwa tarehe 24 Machi na Bassirou Diomaye Faye, aliyekuwa gerezani siku kumi tu kabla, akashinda duru ya kwanza. Korea Kusini ilikuwa ya kasi zaidi: rais alitangaza utawala wa kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, wabunge wakaruka uzio kuingia bungeni, na ndani ya saa chache wote 190 waliofika wakapiga kura ya kulikataa tangazo hilo. Mahakama ya Katiba ilimwondoa madarakani tarehe 4 Aprili 2025.

Katika matukio hayo matatu uchaguzi wenyewe haukuwa mwokozi. Waliookoa ni majaji ambao hawakuwa wamebadilishwa bado, wanajeshi waliokataa au waliosita, na watu waliokuwa na uhuru wa kukusanyika. Hapo nakubaliana na Mzee Wakili kabisa.

Ila kuna tatizo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni pale ambapo majaji wamekwisha kubadilishwa. Poland inaonyesha ugumu wake. Mwezi Oktoba 2023 asilimia 74 ya wapiga kura walijitokeza, na chama kilichokuwa kimeidhoofisha mahakama kwa miaka minane kikapoteza wingi bungeni. Serikali mpya ikakuta majaji wengi walioteuliwa kupitia baraza la mahakama ambalo wajumbe wake majaji, tangu sheria ya mwaka 2017, walichaguliwa na bunge. Ikiwafukuza kwa mkupuo, itakuwa imefanya kilekile ilichokilaani. Ikiwaacha, kila hukumu yao itabaki na shaka, na zipo hukumu za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya zinazosema baadhi ya majopo yao si mahakama zilizoundwa kwa mujibu wa sheria. Ikitunga sheria mpya, rais anaweza kuipinga kwa veto, na bunge linahitaji theluthi... samahani, tatu ya tano ya kura ili kuishinda veto hiyo, idadi ambayo serikali haina. Mwaka 2025 wapiga kura walewale walimchagua rais mwingine kutoka upande unaoipinga serikali. Wapimaji waliiongezea Poland alama baada ya 2023, na nadhani walifanya sawa, lakini mtu mwenye kesi katika mahakama za huko bado hawezi kuwa na uhakika kama jaji aliye mbele yake ni jaji halali.